Watoto wanaume wavae nini kwenye chakula na mabinti wa wafalme?

Mama_Wawili_Lubum

Jambo yenu wote. Naandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, na zimebaki wiki sita tu, kwa hiyo mwenye la kunisaidia asichelewe.

Mwezi wa saba tunakwenda Ubelgiji kwa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, mimi na vijana wangu wawili, mmoja miaka 6, mwingine 4. Yaya ametulipia siku moja Disneyland Paris, ile bustani ya michezo kule Ufaransa, na ndani ya siku hiyo amechukua meza ya mchana Auberge de Cendrillon, ule mgahawa ambamo mabinti wa wafalme wa hadithi wanapita meza kwa meza wakisalimia watoto. Binti yake wa miaka 7 ndiye aliyeomba. Nguo ya binti iko tayari tangu Pasaka, ya buluu, inafika chini, na glavu nyeupe. Nikauliza, na wangu je? Yaya akajibu: "Wako ni wanaume, wavalishe jinzi."

Neno hilo limenikaa moyoni. Watoto watatu meza moja, mmoja amepambwa, wawili wako kama wasindikizaji. Mimi nimekulia kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Kila tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Saint Nicolas anayeletea watoto zawadi, sisi wasichana tulishonewa gauni jipya lenye riboni, na kaka zetu wakavaa kaptula ileile ya shule, imepigwa pasi. Mwaka mmoja kaka yangu mdogo alinishika riboni akaniuliza kama Saint Nicolas anajua kwamba na yeye amekuja. Leo ni baba wa watu, lakini sauti ile bado naisikia.

Kwa hiyo nataka washonewe. Fundi wangu anataka kutumia mahameli ya rangi ya zambarau, kola ndefu, kwa sababu anasema Ulaya ni baridi, na kweli Julai hata hapa kwetu asubuhi watoto wanatoka na sweta. Baba yao anasema jezi ya Mazembe, timu yetu ya mpira, inatosha. Mama mkwe anasema mtoto mwanaume hapambwi kama mwali, tutachekwa. Huyu wa miaka 4 ana lake: kwenye sikukuu ya mtoto wa jirani alikuja mtu amevaa kichwa kikubwa cha simba, mwanangu akajificha chini ya meza mpaka keki ikaisha.

Na mkubwa, juzi usiku, taa imeshazimwa, ameniuliza: "Mama, mwana wa mfalme anaweza kuwa mweusi kama miye?" Nilisema ndiyo, upesi. Lakini sikuwa na jina la kumtajia.

Yaya_wa_Liège

Mdogo wangu, mimi si yaya yule aliyekulipia, ila nisikilize: mahameli usiguse! Julai ya huku si Julai ya Lubumbashi. Tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifika digrii 42.6, na mimi siku zile nilikuwa nalala na taulo lenye maji kifuani. Si kila mwaka huwa hivyo, lakini ukiwafunga watoto kwenye mahameli na kola ndefu, kabla ya chakula watakuwa wamevua kila kitu. Pamba nyepesi, basi. Sweta iwe kwenye mfuko, ya jioni.

Mimi nilipeleka vijana wangu wawili mgahawa huohuo. Nilikuwa na hofu kama yako, nikawavalisha shati jeupe, suruali nyeusi na mkanda mpana wa kitambaa chekundu kutoka begani hadi kiunoni. Mkanda ule ulifanya kazi yote. Binti mfalme wa kwanza alipofika mezani alimwinamia kijana wangu mkubwa kabla hajawatazama wasichana wa meza ya jirani, akamuuliza anatoka ufalme gani. Kijana alisema "Katuba". Nilitoka machozi, sisemi uongo.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia: usiwavalishe asubuhi. Kutoka kwetu Liège ni kama saa 4 za gari, kisha kuna foleni, kuna aiskrimu, kuna kukaa chini vumbini. Nguo ibebwe imekunjwa, wabadilishe chooni robo saa kabla ya kuingia kula. Suruali iwe ya lastiki kiunoni. Mtoto wa miaka 4 akisema mkojo, ni mkojo, na vifungo vitano vitakuaibisha. Viatu wavae vile walivyovizoea, maana mtatembea mchana kutwa. Upanga wa plastiki msichukue, mlangoni mifuko inakaguliwa na silaha hata ya mchezo inaleta maneno.

Kuhusu mdogo, ukweli ni huu: mabinti wana sura za watu, hawatamtisha. Ila pale wanapita pia panya wawili wa hadithi ya Cendrillon (Cinderella), Suzy na Perla, na hao wana vichwa vikubwa. Mwonyeshe picha zao kuanzia leo, mara nyingi, mwambie ndani kuna mtu. Siku yenyewe mkalishe upande wa ukuta, wewe uwe kati yake na njia. Akikataa, wape panya ishara kwa mkono wapite. Wanaelewa haraka, wamezoea.

Fundi_Soko_la_Kenya

Mama, nashona hapa hapa Lubumbashi, karibu na soko la mtaa wetu uitwao Kenya, na nguo za watoto ndizo kazi yangu ya kila siku. Fundi mwenzangu hana nia mbaya, ila mahameli hayasameheki: mchuzi ukimwagika umekwisha, na ukipiga pasi vibaya yanang'aa mahali pamoja tu.

Chukua kitenge cha pamba, yadi 2 zitatosha vikoti viwili visivyo na mikono kwa umri huo, na kipande kitabaki cha mkanda. Chagua maua madogo. Maua makubwa yanamla mtoto, unaona kitambaa unakosa mtu. Chini ya kikoti shati jeupe la mikono mifupi. Mwambie fundi aache sentimita 3 za kufungua kwenye pindo na ubavuni, kwa sababu wiki sita kwa mtoto si mchezo, na nguo hiyo wataivaa tena Noeli.

Kama watoto watalilia joho, liwe fupi, liishie kwenye makalio, na lisifungwe kamba shingoni. Kamwe. Lishikizwe mabegani kwa kile kitambaa cha kunatana kama cha viatu vya watoto, likinaswa na kiti linaachia lenyewe. Nimeona mtoto amenaswa joho kwenye mlango wa basi, sitaki kuona tena.

Halafu dhahabu, kwa nini dhahabu? Sisi ni watu wa shaba. Tafuta uzi wa rangi ya shaba, fundi adarizi kifuani ule msalaba wa shaba, fedha ya wazee wetu waliyonunulia na kuolea. Mdogo mwekee kadogo, mkubwa kakubwa kiasi. Akiulizwa ni nini, atakuwa na la kueleza.

Mama_Wawili_Lubum

Aksanti sana yaya, aksanti fundi. Msalaba wa shaba haukuwa umenipitia akilini kabisa, na nimekua nikiuona kila mahali. Nimeshamwambia fundi wangu aweke mahameli pembeni. Amenuna kidogo. Lile swali la kitandani bado sijalijibu.

Mzee_wa_Kamina

Mwanangu, swali la mjukuu wangu huyo lina jibu, na jibu liko kwetu Lubani, nchi ya Waluba.

Mwambie juu ya Mbidi Kiluwe. Alikuja kutoka mashariki, mwindaji, mwana wa mfalme, na wazee wanaposimulia hawaachi kusema ngozi yake ilikuwa nyeusi inayong'aa. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Nkongolo, mfalme mwekundu, mkali, asiye na adabu ya meza. Mbidi ndiye aliyeleta heshima ya ufalme. Akazaa na Bulanda, dada ya Nkongolo, na mtoto wao ni Kalala Ilunga, ambaye ndiye Mulopwe, yaani mfalme, tunayemhesabu mwanzo wa wafalme wetu. Msimulie kidogo kidogo, usiku mmoja usimalize.

Hapo kuna jambo linalomhusu mdogo. Nkongolo alikula mbele ya kila mtu. Mbidi alikataa, alikula pembeni, hakuna anayemtazama, na wafalme waliomfuata walishika desturi hiyo. Basi mdogo akiona panya hao wakubwa akaacha kula, usimlazimishe mbele ya watu, wala yaya wako asimkemee. Mgeuzie kiti kidogo, mkinge kwa bega lako, mwambie wana wa wafalme wa kwetu hula hivi. Atakula.

Upinde wa Mbidi ubaki nyumbani, kwa sababu ya hao wakaguzi. Shanga mkononi zinatosha.

Yaya_wa_Liège

Mzee, shikamoo. Hili la kugeuza kiti ningelijua mwaka ule. Kijana wangu mdogo aligusa mkate tu.

Mama_Wawili_Lubum

Narudi na habari. Vikoti vimejaribiwa jana. Kitenge cha kijani kibichi, maua madogo, msalaba wa shaba upande wa moyo. Mdogo amedai mfuko wa ndani, fundi akamwekea, na amenionyesha kitakachokaa humo: picha ya wale panya wawili, niliyoichapisha nikamkatia. Anasema akiwa nao mfukoni atawajua wakija.

Mbidi tumefika pale anapokutana na Nkongolo. Mkubwa ananidai kila usiku. Usiku wa tatu mama mkwe, ambaye ni Mluba wa Kabongo, alikuwa sebuleni anasikiliza, akaingia chumbani akasema nasimulia vibaya, akakaa kitandani akaanza upya mwenyewe, na majina yote, na nyimbo zake. Mimi nilitoka nikawaachia. Asubuhi alinipa nyuzi mbili za shanga nyeupe na za buluu kutoka kwenye sanduku lake. Alizipima kwenye mikono ya watoto yeye mwenyewe.

Yaya wangu aliyetulipia naye amepiga simu, nimemtumia picha. Anasema binti yake anataka msalaba wa shaba kwenye nguo yake ya buluu. Fundi wa soko la Kenya, nisaidie: uzi ule utashika kwenye satini bila kukunja kitambaa, au nimtumie udarizi umeshonwa kando aubandike?

Fundi_Soko_la_Kenya

Udarizi kando, mama, juu ya kipande cha pamba ngumu. Satini ukiidarizi moja kwa moja inavutika. Alishone kwa mkono, mishono midogo, kwa ndani. Nitumie kipimo cha kifua cha binti.