Goti bovu, wajukuu wawili na safari ya Efteling: niende au nibaki nyumbani?

BiMkubwa_Ngamiani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 68, mtu wa Tanga, nipo Breda huku Uholanzi kwa binti yangu kwa miezi mitatu. Nina wajukuu wawili, wa kiume miaka minane na wa kike minne. Jumamosi ijayo wamepanga twende sote Efteling, ile bustani ya michezo ya Kaatsheuvel.

Goti langu la kushoto gegedu limelika. Kwetu nikitoka nyumbani kwenda soko la Mgandini napumzika mara mbili njiani, na binti anasema kule ni kutembea kutwa. Mkwe kashauri nibaki nyumbani nipumzike. Kasema kwa wema, lakini limenikaa moyoni. Mwezi ujao narudi Tanga, na huyu mdogo Kiswahili chake ni "bibi" na "maji" basi. Lini tena nitapata siku nzima naye?

Nauliza waliokwisha kwenda wakiwa na umri wangu: kuna cha kufanya mtu kama mimi, au nitakwenda kulinda mikoba?

Bi_Kibokoni

Waalaykum salaam dada yangu. Nenda. Nimefika hapo nina miaka 71, na wajukuu watatu.

La kwanza, chukua kiti cha magurudumu, vipo vya kukodi. Mimi nilikikataa, nikaona watu watasema nimekwisha. Kufika saa nane mchana miguu imejaa, nikakaa kwenye benchi nikiwasikia watoto wakicheka upande wa pili wa miti, nami siwaoni. Saa mbili zile zinaniuma mpaka leo. Kiti si lazima ukikalie siku nzima, unaweza kukisukuma mwenyewe kama mkongojo, ukichoka ukae.

La pili, anzeni na Msitu wa Hadithi, wenyewe wanauita Sprookjesbos. Ndio moyo wa mahali pale. Ulifunguliwa mwaka 1952, na aliyeuchora ni msanii wao Anton Pieck. Hakuna mbio humo. Ni vijia chini ya miti mikubwa, kila penye kona hadithi yake: kijumba, mchawi, joka linalolinda hazina. Yuko mtu anaitwa Langnek, amekaa chini, mara shingo yake inapanda, inapanda, mpaka kichwa kinakutazama kutoka juu. Mjukuu wangu mdogo alinishika kidole akakiminya mpaka kikauma.

La tatu ni Fata Morgana. Hilo usilikose hata goti likilia. Mnapanda mashua, mnaingia ndani gizani, mnatokea kwenye mji wa Kiarabu: soko, vibaraza, walinzi, sultani kwenye kiti chake. Ni zile hadithi za masultani na majini alizotusimulia nyanya Kibokoni usiku, taa ya mafuta imepunguzwa utambi. Miaka yote wajukuu wangu wananionyesha mambo ya huku, mimi naitikia tu. Ndani ya mashua ile ndio mara ya kwanza mimi nilikuwa najua na wao wanauliza.

Kijana_Tilburg

Shikamoo bibi. Tiketi mwambie dada anunue mtandaoni mapema, mnachagua siku kabisa. Walio chini ya miaka minne hawalipi, kwa hiyo mdogo wenu atalipa. Chakula mnaweza kubeba chenu.

Magari ya relini yanayopinduka, waachie baba na mkubwa. Python wanataka mtoto afikishe sentimita 120, Baron 1898 sentimita 132, mpimeni nyumbani asije akalia mlangoni. Vogel Rok imepewa jina la yule ndege mkubwa wa Sindbad, utavutika, ila usipande bibi: inakwenda kasi gizani na kona zake zitalitesa goti. Wewe na mdogo pandeni Gondoletta, mashua za ziwani zinazovutwa na kamba ya chuma chini ya maji, taratibu kabisa. Lipo pia garimoshi la mvuke.

Babu_wa_Watano

Mimi nitasema kinyume kidogo. Nilipelekwa bustani nyingine, nchi nyingine, na kilichonimaliza ni foleni, si kutembea. Saa nzima wima kwenye zege, pa kuegemea hamna. Kubalianeni kabla hamjatoka: vitu vitatu tu vya bibi, vilivyobaki ni vya watoto.

BiMkubwa_Ngamiani

Marahaba mwanangu, na ahsanteni nyote. Tumerudi jana jioni, naandika mguu uko juu ya mto.

Kiti nilichukua. Mkwe ndiye aliyekisukuma, na nilipomwambia kwamba ningeumia kubaki nyumbani, aliniomba radhi palepale njiani.

Fata Morgana tulisubiri karibu dakika arobaini, mimi nimekaa, Alhamdulillah. Kwenye mashua nikamnong'oneza mkubwa, "Paukwa." Akanyamaza. Nikamwambia ukisikia hivyo, sema "Pakawa". Tulipofika kwa sultani akaanza mwenyewe, "Bibi, paukwa!" kwa sauti mpaka watu wa mbele wakageuka.

Lakini Bi Kibokoni, mbona hukuniambia habari za Gijs? Holle Bolle Gijs, lile pipa la taka lenye sura ya mtu mnene, kinywa wazi, linaita "Papier hier!", yaani karatasi hapa. Ukileta karatasi mdomoni inavutwa fyuu! kisha linashukuru kwa Kidachi. Mdogo alipagawa. Tuliokota karatasi kila mahali, nikachana bahasha ya dawa zangu vipande vipande, nikachana na risiti ya chai. Kila likishukuru nikamwambia, mtu akisema ahsante, sisi tunajibu "karibu". Mara ya nne au ya tano hakungoja nimkumbushe. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia kile kinywa, akasema polepole, "Karibu."

Gondoletta hatukuifikia, mvua ilianza. Goti limevimba kidogo, binti analikanda kwa maji ya moto. Asubuhi nimemsikia mdogo jikoni, anatia ganda la ndizi kwenye pipa la mama yake, anasubiri, halafu anasema mwenyewe: "Karibu."