Chevrolet 3100: muuzaji anasema ni ya 1953, mbona kioo cha mbele ni kimoja?

Msafiri_Iowa:
Wakuu, shikamooni. Kuna mkulima huku Iowa anauza pikapu ya Chevrolet 3100, ile yenye boneti nono na taa zilizokaa juu ya madigadi. Anasema ni ya 1953. Picha zote za 1953 ninazoziona zina kioo cha mbele cha vipande viwili, hii ina kimoja kizima. Nimechungulia chini, propela, ile shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, iko wazi na ina jointi mbele na nyuma. Ni ya mwaka gani hii?

Fundi_Kibao:
Marahaba. Ya 1953 hiyo siyo, labda iwe imeungwaungwa. Umbo hilo lilitoka kiangazi cha 1947, na mpaka 1953 kioo kilikuwa vipande viwili na grili ina pau tano za kulala. 1954 ndipo kikaja kioo kizima, grili nayo ikabadilika. Ila propela ndiyo inayosema kweli. Nusu tani, yaani daraja la hizi 3100, za kuanzia 1947 hadi 1954 propela imefichwa ndani ya bomba mpaka kwenye difu. Iliyo wazi ni ya mwanzo wa 1955, toleo lililodumu miezi michache tu kabla ya umbo jipya kuingia Machi. Kasome kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva: tarakimu mbili baada ya herufi ya kwanza ndiyo mwaka.

Tena ushukuru. Za hadi 1953 nusu tani zilikuja na injini ya 216 (ukubwa kwa inchi za ujazo), silinda sita. Beringi za konrodi zake, zile fimbo za kuunga pistoni na krenki, ni metali laini iliyomiminwa humo humo, na kila konrodi ina kijiko chini cha kuchotea oili. Ukiikimbiza barabara kuu na difu yake ya 4.11 (propela huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja), itaanza kugonga. Kuanzia 1954 ni 235: beringi za kubadilisha, na pampu inasukuma oili mpaka kwenye konrodi. Mimi nikiambiwa nichague, sigusi 216.

Dada_Grisi:
Kama anataka bei ya kukomesha, mkumbushe kwamba wengi wanaosaka 1955 wanataka lile umbo la pili, lenye V8 ya 265 na umeme wa volti 12. Hii yako ni volti 6.

Msafiri_Iowa:
Kibati kinaanza H55! Mzee kacheka, bei hajaigusa. Ndani kunanuka petroli.

Fundi_Kibao:
Tangi liko nyuma ya siti, humo humo kabini, tangu 1949. Kagua mpira wa shingo ya kujazia kwanza. Halafu piga bisibisi kwenye pembe za chini za kabini. Ikizama, umenunua kutu.