Ushauri: Tunaenda London watu watatu, kadi ya benki moja. Nauli za treni na mabasi tunalipaje?

BintiMwananyamala

Wakuu habari za leo.

Mwezi wa nane, Mungu akipenda, naenda London kumtembelea dada yangu anayeishi Barking. Tuko watatu: mimi, mama yangu (miaka 68) na mwanangu wa kiume, miaka 12. Tutakaa wiki mbili kasoro. Viza tumepata, tiketi za ndege zimekatwa, kilichobaki kunisumbua ni usafiri wa ndani.

Dada anasema kule hakuna konda wala kukata tiketi. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ya basi au geti la treni, unapita. Nikimuuliza zaidi ananijibu "utaelewa ukifika", na mimi namjua dada yangu, jibu hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kadi yangu ni Visa ya benki ya hapa Dar, ina ile alama ya mawimbi, akaunti ni ya shilingi. Itasoma kule? Naweza kuigusisha mara tatu tupite wote? Mama ana kadi ya akaunti ya pensheni lakini haina hiyo alama. Na huyu mtoto analipa kama mtu mzima?

Naomba waliowahi kutumia, sio wa kusikia. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Feri

Dada beba hela taslimu. Pauni ni pauni, nani ataikataa kwao?

KakaWoolwich

Dereva wa basi ataikataa, mzee wangu. Mabasi ya London yaliacha kupokea taslimu Julai 2014. Ukimwonyesha noti atakuonyesha mashine.

Mbongo_Bronx

Dada usihangaike, gusisha mara tatu. Huku New York tumeanza mfumo huu 2019, unaitwa OMNY. Mimi na wanangu tunapita kwa kadi moja, inaruhusu hadi watu wanne. Unagusisha, mmoja anapita, unagusisha tena, mwingine anapita.

KakaWoolwich

Mkuu wa Bronx, kwenu ni sawa, lakini asijaribu London. Huku kadi moja ni abiria mmoja.

Sababu iko kwenye nauli yenyewe. New York nauli ya treni ya chini ya ardhi ni moja popote uendapo, mashine inahesabu vichwa tu na ukitoka hugusishi kitu. London treni zinatoza kwa kanda: ya 1 ndiyo katikati ya mji, kisha namba zinapanda kadiri unavyokwenda pembeni, na Barking iko kanda ya 4. Mfumo lazima ujue umeingilia wapi na umetokea wapi. Sasa kadi ikishakuingiza wewe, huwezi kuitumia tena hapohapo kumwingiza mama, na hata ukifanikiwa kumpenyeza, wakati wa kutoka kadi ina safari moja na watu ni wawili.

Kwa hiyo treni: gusisha kuingia, gusisha kutoka. Hata ukikuta geti limeachwa wazi, gusisha. Hata ukikuta hakuna geti kabisa, tafuta mashine ilipo ugusishe. Hili la mwisho ndilo linalowaumiza wageni kwenye DLR, zile treni za kwenda Greenwich na Canary Wharf. Vituo vyake vingi havina geti, kuna kinguzo tu chenye mashine, mtu anatoka anaongea na simu amesahau. Safari isiyo na mwisho inatozwa nauli ya juu kabisa, na pesa hiyo haihesabiwi kwenye kikomo chako cha siku.

Basi ni rahisi: unagusisha ukipanda, ukishuka unashuka tu. Nauli ni moja (2025 ilikuwa £1.75), uende kituo kimoja au mpaka mwisho wa njia. Ndani ya saa moja tangu ugusishe mara ya kwanza, basi lolote utakalopanda baada ya hapo ni bure, ilimradi kadi ni ileile. Na siku ya mabasi matupu nayo ina kikomo (2025 kilikuwa £5.25), yaani ukishalipa mara tatu zilizobaki ni zako. Huombi wala hujazi fomu, inajihesabu yenyewe.

BintiMwananyamala

Kikomo cha siku ndio nini tena kaka? Na hiyo ya mabasi, kila mtu £5.25 yake?

KakaWoolwich

Kila mtu yake, ndiyo. Kikomo maana yake hata ukisafiri kutwa nzima kuna kiasi hakivukwi, kinategemea kanda ulizopita. Kipo cha siku na kipo cha wiki. Cha wiki kinahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, sio siku saba tangu ufike. Ukifika Alhamisi, wiki yako ya kwanza inakatika Jumapili na hesabu inaanza upya. Kwa hiyo matembezi ya mbali ukiyarundika ndani ya wiki kamili ndipo utakiona faida yake.

ShangaziPlumstead

Mwanangu Binti, karibu sana. Nikusemee kuhusu mama na mjukuu, maana vijana hapa wamezungumzia mashine wakasahau watu.

Mama yako hana punguzo. Watu watakwambia wazee London wanasafiri bure. Ni kweli, lakini kadi hiyo ni ya wakazi. Mgeni wa miaka 68 analipa sawa na wewe. Kadi yake isiyo na mawimbi haitasaidia kitu getini.

Mtoto angekuwa chini ya miaka 11 angepita bure mkiwa pamoja. Kwa miaka 12 yupo kwenye kundi la 11 hadi 15, na kundi hilo mgeni anapata nusu nauli kwa siku zisizozidi 14, lakini kwa kadi ya Oyster tu. Kadi ya benki haijui umri wa mtu. Ukimpa mtoto kadi ya benki agusishe, anatozwa kama baba mzima. Oyster ni ile kadi ya usafiri ya London yenyewe, ipo tangu 2003, unaijaza pesa kama vocha. Mkifika kituo cha treni cha Heathrow, mtafute mhudumu, mtoto awepo, mwambie unataka punguzo la mgeni kijana, anaiwekea palepale. Usikubali kuondoka uwanja wa ndege bila kufanya hivyo.

Na Oyster usikimbilie kuinunua. Kadi yenyewe inauzwa, na pesa ya kuinunulia hairudi. Mwulize dada yako afungue droo. Hakuna nyumba London isiyo na Oyster iliyosahauliwa, na salio lililobaki ndani haliozi. Akija kuwapokea aje nazo mbili, ya mama na ya mtoto.

BintiMwananyamala

Shangazi ubarikiwe. Nimempigia sasa hivi, amezipata tatu, na moja anasema ni ya shemeji ambaye waliachana. Sijauliza zaidi.

Teller_Mstaafu

Upande wa benki niongezee, nimekaa kaunta miaka mingi.

Kwanza, nenda tawini kwako waulize kama kadi yako imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi. Kadi nyingi hapa zinafungiwa kwa usalama mpaka mteja aombe. Ukifika geti la Heathrow na kadi imefungwa, taa nyekundu haikwambii kwa nini.

Pili, uelewe pesa inavyokatwa, usije ukadhani umeibiwa. Geti halina muda wa kuiuliza benki yako Dar kama una salio. Linatakiwa kufunguka ndani ya nusu sekunde, la sivyo foleni itafika barabarani. Linachofanya ni kukagua kwamba kadi ni halali na haimo kwenye orodha ya zilizozuiwa, linakupitisha, linaandika. Usiku ndipo safari zako zote zinajumlishwa, kikomo kinawekwa, kisha benki inaletewa deni moja la siku nzima. Unaweza kuona ujumbe wa peni 10 kwanza. Hiyo ni kupima kama kadi iko hai, nauli yenyewe inakuja baadaye.

Hapo kuna mawili. Zuri ni kwamba kama benki yako inatoza ada kwa kila muamala wa nje, utatozwa kwa siku na sio kwa kila basi. Baya ni kwamba ukiwa huna salio usiku ule, deni linabaki na kesho kadi inakataliwa kila mahali mpaka ulilipe. Usiache akaunti imekauka.

Kiwango cha kubadilisha shilingi kwenda pauni ni cha benki. Sio kizuri kama cha duka la fedha, lakini kwa nauli za wiki mbili sioni sababu ya kuumiza kichwa.

Mzee_wa_Feri

Kwa hiyo Teller, hao wanakupa huduma kwanza ndio wanadai usiku? Huku hata kivukoni hupiti bila salio.

Teller_Mstaafu

Ndivyo, mzee. Ila kumbuka wanaishika kadi yako shingoni.

Kijana_wa_Sinza

Vipi ile Visa ya M-Pesa? Mama si angetumia hiyo?

Teller_Mstaafu

Ile ni namba tu za kununulia mtandaoni. Haina plastiki, haina chipu. Atagusisha nini?

OtienoRongai

Sisi huku Nairobi tulijaribu mapema kabisa. 2013 Google na Equity walileta BebaPay, kadi ya kulipia matatu, na serikali ikaagiza taslimu ikome Julai 2014. BebaPay ilifungwa 2015. Kadi ilikuwa inafanya kazi vizuri. Shida ni makanga na dereva hawakutaka pesa ya siku ipite mahali wasipoiona, na nauli yetu hupanda mvua ikinyesha, mashine ungeiambiaje? Leo tunatuma kwa M-Pesa na maisha yanaendelea. London iliweza kwa sababu mamlaka moja, TfL, ndiyo inapanga njia na nauli zote. Dereva halipwi kwa kichwa.

Mbongo_Bronx

Hapo umenena Otieno. Na dada Binti nisamehe, sikujua wenzetu wana geti la kutokea.

BintiMwananyamala

Usijali kaka, nimejifunza na ya New York bure.

Je nikiiweka kadi yangu kwenye simu? Nigusishe simu, na plastiki nimpe mama? Si zitakuwa kadi mbili?

KakaWoolwich

Getini ndiyo, zinaonekana kadi mbili tofauti, kwa sababu simu inatumia namba yake na sio ile ya plastiki. Mtapita wote wawili. Lakini wewe mwenyewe uking'ang'ania simu, baki na simu mpaka usiku. Asubuhi simu na jioni plastiki, hesabu yako inagawanyika kwa watu wawili wasiofahamiana, na hakuna atakayefika kikomo. Tena utakapoingia kwa simu ukatokea kwa plastiki, hizo ni safari mbili zisizokamilika.

Mimi ningefuata ushauri wa Shangazi, mama apewe Oyster. Kikomo cha siku na cha wiki ni kilekile, anaijaza kwa taslimu kwenye mashine ya kituoni au duka lenye alama ya Oyster, na plastiki yako inabaki mkononi mwako. Isitoshe sio kila kadi ya nje inasoma. Ya kwako ikigoma, Oyster ya tatu ya shemeji ipo.

Kitu kingine, toa kadi nje ya pochi. Ukigusisha pochi nzima yenye kadi mbili za mawimbi, mashine inachagua yoyote. Na wakaguzi wakiingia ndani ya basi, unawapa ileile uliyogusisha waisome. Faini ya kusafiri bila kulipa ni £100, inakuwa nusu ukilipa ndani ya siku 21.

ShangaziPlumstead

Na matembezi ya treni mpeleke mama baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka muda huo, halafu tena saa kumi jioni hadi saa moja usiku, nauli za treni ziko juu na watu wamebanana. Basi halina saa, bei ni moja kutwa. Kwa mama ningependelea basi la ghorofa, akae mbele juu aone mji.

BintiMwananyamala

Nimewapata vizuri sana. Basi mpango ni huu: mimi na Visa yangu, mama Oyster, mtoto Oyster na punguzo nimwombee Heathrow. Jumatatu naenda tawini kufunguliwa kadi.

Swali la mwisho, msinichoke. Dada anasema kutoka Heathrow tutapanda treni ya Elizabeth line, tubadilishe kituo cha Whitechapel, tuchukue treni ya District hadi Barking. Hapo Whitechapel tunagusisha?

KakaWoolwich

Hapana. Mnabadilisha mkiwa bado ndani ya mageti, hamgusishi popote mpaka Barking. Na kuna lifti, mama asibebe kitu kwenye ngazi.

Ila hapo Heathrow someni ubao kabla ya kupanda. Heathrow Express inasimama jukwaa lilelile na Elizabeth line, inaishia Paddington, na nauli yake ni zaidi ya £20 kwa mtu mzima. Mashine haitawauliza kama mmekosea treni.

Kama hamna haraka, panda treni ya Piccadilly hapohapo Heathrow, ni nafuu kuliko Elizabeth line. Mkifika Hammersmith, District ya kwenda Barking inasimama upande wa pili wa jukwaa hilohilo. Ni safari ndefu, na baada ya ndege ya usiku kucha mtoto atalala.

BintiMwananyamala

Piccadilly basi. Mizigo ni miwili tu, mingine ni samaki wa dada.