Haidrenjia ya dadangu Minnesota: majani tele, maua hakuna

binti_shela_mld
Asalaam aleikum wanajamvi. Namuulizia dadangu, yuko Minnesota kule Marekani. Amepanda haidrenjia nyuma ya nyumba, ule mmea wa mashada makubwa ya mviringo, alinunua ukiwa na maua matatu ya buluu na tangu hapo mwaka wa tatu huu hajaona hata moja. Majani sasa, mashallah, mapana kama ya mkungu. Mbolea anatia ile ile ya nyasi, na kila mwezi wa kumi kabla theluji haijaanguka anaukata wote mpaka chini bustani ibaki safi. Sisi tumelelewa na mama mwenye asumini mlangoni, ukiikata ndo yazidi kutoa, kwa hivyo mimi ndo nilimwambia akate. Naogopa nimempotosha. Mwenye kujua anisaidie jamani.

mkulima_wa_maua
Waalaikum salaam dada. Shida ni huko kukata mwezi wa kumi. Haidrenjia ya buluu na waridi si kama asumini, vitumba vya maua ya mwakani inavitengeneza mwisho wa joto juu ya vijiti vya mwaka huu, halafu inalala navyo baridi yote. Akikata mwezi wa kumi amekata maua yenyewe, kinachochipua kutoka chini kinakuwa majani tu. Na ile mbolea ya nyasi ina naitrojeni nyingi, ndo maana majani yanamea hivyo, aiache kabisa.

amu_wa_mbali
Nimekaa Kanada miaka minane, kwetu Lamu, na hili limeniumiza sana kwa hivyo ntaandika refu. Kuacha kukata peke yake hakutoshi kule, manake baridi ya digrii 25 chini ya sifuri inaua vitumba hata kama kijiti hakijaguswa. Mimi nlikuwa nazungushia seng'enge ya kuku kisha najaza majani makavu mpaka juu, nafanya hivyo ardhi ikianza kuganda, si mapema. Mwaka wa kwanza nliona jua zuri mwezi wa nne nikafunua vyote kwa furaha, mwezi wa tano usiku mmoja jalidi ikarudi, asubuhi vile vichipukizi vimekuwa vyeusi vimelegea kama mchicha uliochemshwa. Nlilia wallahi. Kwa hivyo afunue kidogo kidogo, na usiku wa baridi atupie shuka kuukuu. Na asiharakishe kukata vijiti vinavyoonekana vikavu, akwarue gome kwa ukucha, akikuta kijani chini yake kiko hai, akiache.
Kama mmea uko kwenye chungu ni rahisi zaidi, majani yakishapukutika akiingize gereji isiyo na hita, awe anakinyunyizia maji kidogo tu udongo usikauke kabisa.

mkulima_wa_maua
Umesema kweli. Naongeza, kama amechoka na kufunika apande aina zinazotoa maua kwenye kijiti kipya cha mwaka huo huo, ile Annabelle ya mashada meupe au panikulata yenye mashada ya ncha kama pia ya kuchezea, hizo hata zikikatwa mwisho wa baridi zinatoa. Na kuna Endless Summer, inatoa kwenye kijiti cha zamani, yaani cha mwaka uliopita, na kipya pia, iliingia sokoni 2004 na imetoka kitalu cha huko huko Minnesota. Ila msimu wao mfupi, kwa hivyo hata hiyo aifunike, akingojea kijiti kipya maua yatachelewa.

mama_bustani
Na sisi wa Malindi je? Naitamani mpaka naiota.

mkulima_wa_maua
Mama yangu, ua la kwanza utaliona ukinunua limeshafunguka, la pili sahau. Yataka wiki kadhaa za ubaridi chini ya digrii 18 hivi ndo vitumba viamke, na hapa hata kusi ikivuma mwezi wa saba usiku haushuki chini ya 20. Tena udongo wetu wa matumbawe una chokaa, majani yatageuka manjano, na buluu usiitarajie maana buluu yataka udongo mchachu. Limuru zinaota vizuri. Hapa panda asumini, mama, na kilua.

binti_shela_mld
Nimemsomea dadangu yote kwenye simu. Kibandiko cha duka bado anacho, kimeandikwa macrophylla, kumbe ndo hiyo ya kijiti cha zamani. Kesho anakwenda kununua seng'enge, na mkasi amempa mumewe aufiche.