Bibi ana miaka 88, anatafuta asili yake Ireland: nilipie kipimo cha DNA, tovuti ya mwaka, au mtafiti wa Dublin?

Mkwe wa Boston
Wakuu, naomba ushauri kabla ya Jumapili usiku, maana ndipo bei ya punguzo inapokwisha. Bibi wa mke wangu ana miaka 88 na anatamani kujua bibi yake yeye alitoka sehemu gani ya Ireland. Familia nzima wanajua "alitoka Ireland", basi. Bajeti yangu ni dola 300. Nimebakiwa na njia tatu: kipimo cha DNA cha Ancestry, ada ya mwaka ya Ancestry au Findmypast, zile tovuti za kutafuta ukoo (tofauti yake siioni), au nimlipe mtafiti aliyeko Dublin kwa saa chache. Kipi kitaleta jibu? Watoto wangu wanautaja ukoo wa upande wangu mpaka babu wa nne, nataka na huu wa mama yao waujue hivyo hivyo.

Karani Mstaafu
Mkuu, umetaja bajeti na umri wa bibi, lakini yale yanayoamua jibu umeyaacha. Huyo aliyehama, ukoo wake kabla ya kuolewa ni upi? Alifika mwaka gani, hata kwa kukisia? Dini gani? Alifunga ndoa Ireland au Marekani? Alifia wapi?

Dini siulizi kwa udadisi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, iliteketea. Zilikwenda karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wasia, na zaidi ya nusu ya daftari za Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Daftari za Wakatoliki zilikuwa zimebaki parokiani, zikapona. Kwa hiyo watu wawili waliokuwa majirani, mmoja Mkatoliki na mwingine Mwanglikana, leo hutafutwa kwa njia tofauti kabisa. Na mwaka nao: serikali ilianza kuandikisha vizazi vyote 1 Januari 1864. Kabla ya hapo unategemea kanisa tu.

Mate na Vinasaba
Nunua kipimo leo, maswali ya Karani yatajibiwa baadaye. Karatasi zimesubiri miaka mia, zitasubiri tena. Bibi wa miaka 88 hasubiri.

Na apimwe yeye, si mkeo wala watoto. Wajukuu wa kaka na dada za huyo aliyehama wanatarajiwa kulingana na bibi kwa wastani wa sentimogani 230 hivi, hicho ndicho kipimo cha DNA ambayo watu wawili wanashiriki. Mkeo yuko vizazi viwili chini, amebaki na kama robo ya hiyo, na watoto wenu chini zaidi. Ukimpima mtoto unakuwa umelipa bei ile ile kwa sehemu ndogo ya habari.

Ancestry kwa sababu hawapokei matokeo ya kampuni nyingine: hutaingia katika hazina yao mpaka upime kwao. Ukishapata majibu, pakua faili lako ulipandishe FamilyTreeDNA na GEDmatch, hazina nyingine za kulinganisha DNA. Siku ya kutoa mate asile, asinywe, wala asitafune kitu kwa nusu saa. Wazee kinywa hukauka, kwa hiyo apapase mashavu kwa nje taratibu na apewe muda. Mate yafike mstarini bila kuhesabu povu, maana hapo ndipo sampuli nyingi zinapopungua na maabara ikaomba nyingine. Asilimia za asili zisikushughulishe hata kidogo. Fungua orodha ya jamaa.

Kitongoji
Mate, unampa orodha ya majina, mwenzako anatafuta mahali. Ireland ina townland zaidi ya 60,000. Kwa lugha yetu hicho ni kitongoji, na bila kitongoji hujafika. Juu ya kitongoji kuna parokia ya kiserikali, kisha baroni, kisha kaunti. Parokia ya Katoliki ina mipaka yake mingine, na wilaya ya uandikishaji wa vizazi ina yake tena, ambayo inaweza kuvuka kaunti. Mtu akisoma "Killarney" kwenye faharasa ya vizazi anadhani ni mjini. Hapana, ni wilaya nzima, mashamba na milima yote ndani.

Usilipe mwaka popote. Lipa mwezi mmoja RootsIreland, ambako vituo vya kaunti vimenakili daftari za kanisa. Pale unatafuta ubatizo kwa jina la baba na la mama kwa pamoja, jambo linalookoa siku nyingi. Hutaona picha ya ukurasa, nakala ya maneno tu. Lakini picha ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, daftari za Katoliki hadi kama 1880, unakwenda kulinganisha mwenyewe.

Dada wa Maktaba
Ndugu Mkwe, kabla hujatoa senti jua kwamba nusu ya unachotaka kulipia ni bure. IrishGenealogy.ie ni ya serikali: picha za daftari za vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, vifo vilivyopita 50. Sensa ya 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911 ziko bure kwenye Nyaraka za Taifa. Tathmini ya ardhi ya Griffith, iliyofanyika 1847 hadi 1864, nayo bure, na ndiyo inayozibia pengo la sensa zilizoungua kwa kuonyesha nani alikodi shamba gani kwa nani. Faharasa ya zile daftari za Katoliki inatafutika bure Findmypast ukijiandikisha tu.

Ila usianzie Ireland. Anzia Massachusetts. Mahali alipozaliwa mhamiaji huandikwa mara nyingi zaidi huko alikofia kuliko alikotoka. Jimbo hilo liliandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1841, na kumbukumbu zake za ndoa hutaja wazazi wa bwana na bibi harusi. Nyingi ziko kwenye tovuti ya FamilySearch, bure, akaunti tu.

Mkwe wa Boston
Samahani wakuu, nilidhani hayo hayana uzito. Nimempigia mama mkwe. Bridget Sullivan, Mkatoliki. Ndoa Boston 1894, kafariki hapo hapo 1931. Sensa ya Marekani ya 1900 inasema alizaliwa Machi 1870 na aliingia 1888. Tanzia ya gazeti inasema "mzaliwa wa Kerry". Na cheti cha ndoa wanacho: baba Daniel, mama Hanora Shea.

Karani Mstaafu
Na hayo ndiyo uliyoona hayana uzito! Hapo mambo yamebadilika kabisa. Habari njema: kwa Kerry, daftari za kanisa zilizonakiliwa ziko bure IrishGenealogy.ie, kwa hiyo RootsIreland ya Kitongoji haina kazi hapa. Ingekuwa Mayo au Tipperary ningekubaliana naye.

Habari ngumu: Sullivan ndio ukoo mkubwa kuliko wote Kerry, na Bridget, Daniel na Hanora ni majina ya kila nyumba. Utapata akina Bridget Sullivan wengi mno.

Kitongoji
Nakubali kwa Kerry. Lakini usiamini "Kerry" ya tanzia moja kwa moja. Dayosisi ya Kerry inaingia mpaka rasi ya Beara, ambayo sehemu kubwa iko kaunti ya Cork: Castletownbere, Eyeries, Allihies. Mtu wa kule alipomwambia padre wa Boston "Kerry" huenda alitaja dayosisi. Na Beara imejaa Sullivan. Migodi ya shaba ya Allihies ilipodorora, watu walihamia Butte, Montana, kwa makundi, Sullivan juu ya Sullivan. Usiikate Beara mapema.

Dada wa Maktaba
Ndugu Mkwe, fanya hivi. Tafuta vizazi vya Bridget Sullivan kuanzia 1866 hadi 1875, usishike 1870 peke yake, maana umri wa sensa ulikisiwa na aliyefungua mlango. Chukua wilaya moja moja: Kenmare, Cahersiveen, Killarney, Dingle, Tralee, Listowel. Ongeza Castletown kwa ajili ya hoja ya Kitongoji. Fungua picha ya kila mmoja, usiishie kwenye faharasa. Kwenye picha kuna jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, na makazi ya baba, ambayo ndiyo kitongoji. Mama asiye Shea, mweke kando.

Hanora umtafute pia kama Honora, Nora, Johanna na Hannah. Bridget huyo huyo Marekani anaweza kuwa Delia. Daftari za padre zina majina ya Kilatini: Brigida, Honoria, Joannes, Jacobus. Sullivan aweza kuwa na O' au asiwe nayo, hata ndani ya familia moja. Na ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa" usishtuke: aliyechelewa kuandikisha kwa serikali alitozwa faini, kwa hiyo wazazi walisogeza tarehe mbele. Tarehe ya ubatizo ndiyo ya kuamini.

Mate na Vinasaba
Akishapata akina Bridget watano wote baba Daniel, mama Shea, atafanyaje? Ndipo mtanikumbuka. Karatasi haziwezi kuwatenganisha. DNA ya mjukuu wa kaka yake inaweza.

Karani Mstaafu
Wasimamizi wa ubatizo wanatenganisha. Majina ya ndugu zake yanatenganisha. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi alipewa jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, kwa hiyo angalia watoto wa Bridget waliozaliwa Boston. Na mashahidi wa ndoa ya 1894 ni akina nani? Mara nyingi ni dada au binamu aliyetangulia.

Mnaokimbilia kuchagua jina linalofanana, someni kisa cha Annie Moore. Huyu ndiye mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, kilipofunguliwa 1 Januari 1892. Msichana wa Cork, aliyefika na meli ya Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume, akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Kwa miongo kadhaa ikaaminika kwamba alikwenda magharibi hadi Texas, akaolewa huko, na mwaka 1923 akagongwa na tramu akafa. Wazao wa mama huyo wa Texas walialikwa kwenye sherehe za kumbukumbu, na habari ikaandikwa kila mahali. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak akaonyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois. Sensa za Marekani zilikuwa zimeandika hivyo muda wote. Annie wa meli ya Nevada hakutoka New York hata kidogo. Aliishi Manhattan upande wa chini mashariki, akaolewa na mtu wa asili ya Kijerumani, akazaa watoto zaidi ya kumi, akafa 1924, akazikwa makaburi ya Calvary, Queens, kaburi lisilo na jiwe. Jiwe liliwekwa 2008.

Kosa lilikuwa moja tu: jina lilifanana, hakuna aliyeuliza mama huyu wa Texas alizaliwa wapi. Familia moja ilibeba historia isiyo yake, nyingine ikakosa iliyo yake. Bridget Sullivan wa Kerry ni jina la kawaida kuliko Annie Moore.

Msafiri wa Doha
Jamani hamjamwambia la maana. Bibi wa Ireland maana yake pasipoti ya Ireland! Watoto wako wataingia Ulaya bila viza. Hapo dola 300 ni kidogo.

Dada wa Maktaba
Tusimpe mwenzetu matumaini yasiyokuwepo. Anayeweza kupata uraia kwa kujiandikisha kwenye Rejesta ya Waliozaliwa Ng'ambo ni mwenye babu au bibi aliyezaliwa Ireland. Hapa ni bibi wa miaka 88 mwenyewe. Mtoto wake angeweza tu kama bibi angekuwa ameshajiandikisha kabla ya kumzaa. Akijiandikisha leo, uraia wake unaanza leo, haurudi nyuma kwa watoto waliokwisha kuzaliwa. Mke na watoto wa Mkwe hawamo. Bibi akitaka kwa heshima ya bibi yake, ataagiza cheti kamili cha kuzaliwa cha Bridget, euro 20. Ile nakala ya utafiti ya euro 5 haikubaliki kwa kazi hiyo.

Msafiri wa Doha
Asante kwa kunisahihisha. Basi karatasi zake za uraia wa Marekani hazitaji kijiji?

Karani Mstaafu
Huenda hana karatasi zake mwenyewe. Hadi sheria ya Marekani ya 1922 mwanamke aliyeolewa alifuata uraia wa mumewe. Na faili za kabla ya Septemba 1906 kwa kawaida zinasema "Ireland" na kumkana Malkia au Mfalme wa Uingereza, basi. Orodha ya abiria ya 1888 ni hivyo hivyo, nchi tu. Usipoteze fedha huko.

Mkwe wa Boston
Nimefungua Kenmare peke yake: nina akina Bridget tisa, wawili mama Shea, baba Daniel. Mmoja 1868, mwingine 1871. Nifanyeje?

Kitongoji
Andika vitongoji vyao viwili, nenda sensa ya 1901 uone ni nyumba ipi bado ina Daniel na Hanora. Ile ya 1911 ina nguvu zaidi: kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Umri usikutishe. Pensheni ya wazee ilianza 1909 kwa wenye miaka 70, ndiyo maana wengi walizeeka kwa miaka kumi na tano kati ya sensa mbili.

Na mweleze bibi maana ya jina la kitongoji, liko logainm.ie kwa Kiairishi. *Cill* ni kanisa, *cnoc* ni kilima, *doire* ni kichaka cha mialoni. Watoto hulishika jina wakijua maana yake.

Mate na Vinasaba
Wawili sawasawa, nilisema. Jumapili haijapita.

Mkwe wa Boston
Mke wangu anauliza kama picha za bibi tuzipige skani sasa au tungoje.

Dada wa Maktaba
Sasa, akiwa hapo awataje waliomo. Nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, maana nyuma kuna maandishi. Mkiandika, tumieni penseli laini, si kalamu. Mti mkiuweka mtandaoni ficheni walio hai. Na uweke hapa picha ya cheti cha ndoa ya 1894, tusome majina ya mashahidi.