London hadi New York: moja kwa moja au kupitia Reykjavik?

Mkwezi: Wakuu, naomba msaada wa hesabu. London hadi New York ni kilomita 5,540 hivi, na ndege hukimbia kama 900 kwa saa. Nikigawanya napata saa sita na dakika chache. Mbona ratiba ya kwenda inaonyesha karibu saa nane, ya kurudi saa saba? Na nikiunganisha Reykjavik, mji mkuu wa Aisilandi, napoteza muda kiasi gani?

Mbayuwayu: Hiyo 900 ni kasi ndani ya hewa, na hewa yenyewe haikai mahali pamoja. Huko juu, kama kilomita kumi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unakukabili usoni, ukirudi unakusukuma. Februari 2020 ndege moja ya British Airways iliupata ukiwa mkali, ikafika London chini ya saa tano! Halafu ratiba huhesabu tangu ndege inapoachana na geti hadi inaposimama geti la pili. Foleni ya kuruka imo humo.

Uzi_na_Tufe: Kuhusu Reykjavik, ramani bapa inakudanganya. Chukua tufe, vuta uzi kati ya London na New York: utaona unapinda kaskazini, unapita karibu na Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Kwa hiyo Aisilandi haiko pembeni sana. Jumla kupitia huko ni kilomita 6,060 hivi, ziada ya mia tano tu. Ukiongeza kupaa na kutua mara ya pili, ni saa moja na ushee. Kinachokula muda ni kusubiri pale katikati, kwa hiyo angalia hiyo kwanza kabla ya bei.

Mkwezi: Basi moja kwa moja. Mchana au usiku?

Jicho_Kavu: Kwenda, mchana. Ukiondoka saa tano asubuhi unatua saa nane mchana, maana New York iko nyuma kwa saa tano. Jikaze usilale mpaka usiku. Kurudi ndiko kwenye kazi. Nyingi huondoka jioni au usiku: saa tatu usiku unapaa, saa tatu asubuhi uko London. Saa ya mkononi inasema kumi na mbili, kumbe umesafiri saba, na ukitoa chakula na matangazo ya rubani unabaki na usingizi wa saa nne, shingo imepinda. Zipo chache za kurudi asubuhi. Mimi huzitafuta hizo, nafika usiku na kulala kitandani.

Mbayuwayu: Kama ni Machi, angalia vizuri. Marekani husogeza saa mbele kabla ya Uingereza, kwa hiyo kuna majuma kadhaa tofauti huwa saa nne.

Mzee_wa_Concorde: Sisi wa Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, tulihesabu saa tatu na nusu. Kwa saa za huko, unafika New York mapema kuliko ulivyoondoka London! Wakaiondoa 2003.

Mkwezi: Nimechukua ya saa tano asubuhi. Kurudi, za asubuhi zimejaa. Jicho_Kavu, hiyo shingo unaifanyaje?

Jicho_Kavu: Kiti cha dirishani. Angalau una ukuta wa kuegemea.