Usiku wa filamu mtaani: Connery, Caine au Chaplin?

MwanaJangombe: Assalaam alaykum. Jumamosi baada ya Isha tunawaonesha vijana filamu moja, kisha mazungumzo: waigizaji waliotoka kwenye unyonge, waliuonaje utajiri walipoupata? Nimebaki na Sean Connery, Michael Caine na Charlie Chaplin. Nishaurini.

BiMkoani: Vijana wa umri gani? Kiingereza wanakifahamu? Ndani au uwanjani? Hujasema kitu.

Konda505: Connery, usihangaike. Mtoto wa Fountainbridge, Edinburgh, alipeleka maziwa majumbani, akang'arisha majeneza. Mwaka 1971 alilipwa zaidi ya dola milioni moja kwa *Diamonds Are Forever*, akazitia kwenye mfuko wa elimu kwao Scotland. Huyo hakusahau alikotoka.

MzeeWaVuga: Na akahamia Bahamas, akafia huko 2020! Caine ndiye. Baba yake mchukuzi soko la samaki Billingsgate, mama akisafisha nyumba za watu. Uingereza ile lafudhi yako tu ilitosha kukufungia mlango. *Zulu*, 1964, akacheza ofisa mwana wa wakubwa, na aliyemwamini ni mwongozaji Mmarekani, Cy Endfield. Alipopewa cheo cha Sir mwaka 2000 alikipokea kwa jina la kwao, Maurice Micklewhite.

Konda505: Mzee wangu, Caine naye si aliikimbia kodi? Miaka ya 1970 wenye kipato kikubwa walikatwa hadi asilimia 83, akaenda zake Marekani.

MzeeWaVuga: Akarudi.

BiMkoani: Ngojeni kwanza. Sisi huku Pemba tulikodi projekta kwa bwana mmoja. Akaja na filamu ya Kiingereza tupu, DJ wa kutafsiri hana, spika inakwaruza. Watoto wamekaa mikekani, punde wakaanza kurushiana maganda ya njugu. Katikati mashine ikazima. "Imepata moto, ngojeni ipoe." Tukangoja mpaka kina mama wakaja kuwachukua watoto wao. Tulipodai japo nusu ya pesa, akakunja waya zake, akatia garini, akaondoka. Iliniuma sana, zilikuwa pesa za mchango. Ndiyo maana nasema Chaplin: filamu zake za zamani ni za kimya, hazihitaji tafsiri. Na ufukara aliujua. Mtoto mdogo London alitiwa nyumba ya mafukara, mama yake akalazwa kwa maradhi ya akili. Tazama *The Kid* ya 1921, pale mtoto anaponyakuliwa na kutupwa nyuma ya gari.

Mkunazini_77: Mmewasahau Wahindi! Wazee wetu wa sinema za Majestic na Empire walikulia filamu zao. Raj Kapoor, *Awaara*.

MzeeWaVuga: Raj Kapoor aliuigiza umaskini, mwanangu. Baba yake, Prithviraj, alikuwa mwigizaji mashuhuri tayari. Ukitaka mwigizaji wa Kihindi mnyonge wa kweli, Rajinikanth: alikuwa konda wa basi Bangalore.

Konda505: Konda mwenzangu! Basi Connery nimemwacha.

MwanaJangombe: Miaka 13 hadi 17, uwanja wa skuli. DJ hatuna, projekta tutakodi.

BiMkoani: Mnakodi kwa nani?

Mkunazini_77: Ya Rajinikanth iliyotafsiriwa Kiswahili nani anayo?